Jioni pointi 111, asubuhi 11: zimekwenda wapi?

Swali la msomaji:

"Yaya, salamu kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Ninasoma informatiki mwaka wa pili. Kwa miezi miwili nimekuwa nikijibu maswali kwenye Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya watengeneza programu, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, na majibu yamefika 12. Juma lililopita nililala nikiwa na pointi 111, nikaamka nimebaki na 11. Hakuna aliyenieleza kosa. Ni kweli wenzangu wawili wa darasani walinipigia kura jioni ile, lakini majibu waliyasoma, na ni majibu sahihi. Jambo la pili: jibu langu refu nililolihangaikia usiku mzima lina kura sifuri, na hapo hapo chini ya swali lile lile mtu wa mistari miwili ana 40. Swali langu la pekee, kuhusu herufi za Kifaransa zinazoharibika, lilifungwa kabla ya saa moja kupita. Pointi hizi zinahesabiwaje? Na mwajiri wa hapa atazijali?"

Jibu:

Mdogo wangu, nianze na zile 100, maana naona ndizo zinazokuuma.

Hakuna aliyeziiba. Kila usiku, saa kumi na moja alfajiri kwa saa zetu za Lubumbashi, kuna programu inayopita kwenye Stack Overflow nzima ikitazama nani amempigia nani. Ikikuta mtu mmoja amemwagia mwenzake kura nyingi kwa muda mfupi, inazifuta zote kwa pamoja, na pointi zilizoletwa na kura hizo zinaondoka nazo. Kura moja ya kupandisha jibu ina thamani ya pointi 10. Wenzako ni wawili, zilizopotea ni 100, kwa hiyo bila shaka kila mmoja alikupa kura tano au karibu na hapo katika jioni ile moja. Zilizobaki 11 ni pointi 1 ambayo kila akaunti huzaliwa nayo, na 10 za mtu usiyemjua ambaye jibu lako lilimfaa. Fungua historia ya pointi kwenye ukurasa wako na utakuta mstari unaosema kura zimesahihishwa. Ni kura ngapi kwa muda gani zinazoiamsha programu hiyo, wenye tovuti hawasemi kwa makusudi, kwa sababu wakisema, wenye hila watapiga hadi kura moja kabla ya hapo na kusimama.

Unasema walisoma. Nakuamini, na sikuoni kama mdanganyifu. Lakini jiulize walifikaje kwenye majibu yale. Je, walikuwa na tatizo, wakatafuta, wakakukuta? Au walifungua ukurasa wako kwa sababu ni wewe, wakashuka nao jibu baada ya jibu? Hapo ndipo penye tofauti. Sisi tumekulia kwenye likelemba: mwezi huu tunakuchangia wewe, mwezi ujao mimi, na kila mtu anafika. Mama zetu wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa likelemba, ni jambo jema kabisa. Linakuwa jema kwa sababu kila mmoja anatoa franka zake mwenyewe. Kura kwenye tovuti hii si franka ya mtu, ni ushahidi. Anayepiga kura anawaambia watakaokuja baada yake: nilikuwa na shida hii, nimejaribu hiki, kimefanya kazi. Ushahidi hauchangwi kwa zamu. Wenzako hawakutoa cha kwao, walitumia imani ya watu watakaofika kesho na kesho kutwa wakitafuta msaada, pengine usiku wa manane na kazi ya kukabidhi asubuhi.

Kwa hiyo kanuni ya wenyeji wa pale ni fupi: pigia kura jibu, usimpigie mtu. Usifungue akaunti ya pili ya kujipandisha mwenyewe, na msiunde kundi la WhatsApp la kupigiana. Safari hii mmesahihishwa tu. Mkirudia, wasimamizi huandika barua na kusimamisha akaunti, na akaunti iliyosimamishwa huonyesha pointi 1 hadharani muda wote wa adhabu.

Pointi zina njia nyingine za kupungua ambazo hazina kosa ndani yake, nizitaje ili siku moja usishtuke. Aliyekupigia kura akifuta akaunti yake, kura zake zinaweza kuondoka naye. Na swali ulilolijibu likifutwa, pointi za jibu lako zinafutika pia, isipokuwa kama jibu hilo lilikuwa limefikisha alama 3 (kura za kupandisha ukitoa za kushusha) na limekaa wazi siku 60.

Sasa hesabu yenyewe. Kura ya kupandisha inakupa 10, liwe jibu au swali. Kwa miaka kadhaa kura ya swali ilikuwa 5 tu, kisha Novemba 2019 ikapandishwa kuwa sawa na ya jibu, na mimi niliifurahia hatua hiyo, kwa kuwa swali lililoulizwa vizuri linawasaidia watu wengi kama jibu lake. Aliyeuliza akiona jibu lako ndilo lililomtoa shidani, analiwekea tiki ya kijani: wewe unapata 15, yeye anapata 2 kwa kukumbuka kurudi. Wengi hawarudi. Wanaandika "asante" chini na kupotea, na asante haina pointi. Usimfuate mtu kumdai tiki. Kura ya kushusha inakutoa 2. Anayeshusha jibu la mwenzake hukatwa 1 katika pointi zake mwenyewe, ila anayeshusha swali hakatwi kitu. Ukipendekeza marekebisho kwenye andiko la mtu, yaani swali au jibu lake, yakakubaliwa, unapata 2, na njia hii ina mwisho wake, jumla ya pointi 1,000 maishani. Andiko lililofutwa kwa kuwa ni taka au matusi linakugharimu 100. Hata ukishushwa mara ngapi, chini ya 1 huendi.

Kuna pia dau. Mwenye pointi 75 ambaye swali lake limekosa jibu anaweza kuweka kati ya 50 na 500 za kwake, zikakaa siku saba zikimsubiri atakayejibu vizuri. Zinakatwa pale pale anapoziweka, na hazirudi hata asipotokea mtu. Hiyo ndiyo njia pekee halali ya pointi kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

Halafu kipo kikomo ambacho wageni wengi hawakijui: kwa siku moja, kura haziwezi kukuletea zaidi ya pointi 200. Kura ya ishirini na moja itaonekana kwenye jibu lako, lakini pointi zake hazihesabiwi. Tiki na dau haziguswi na kikomo hicho. Ona kinavyofanya kazi kwa mtu mkubwa kabisa wa pale. Jon Skeet, Mwingereza bingwa wa lugha ya programu iitwayo C#, alikuwa wa kwanza kufikisha pointi 1,000,000, Januari 2018. Gawa milioni kwa 200 utapata siku 5,000, zaidi ya miaka 13, na tovuti ilikuwa haijatimiza hata miaka 10, kwani ilifunguliwa 2008. Nyingi kati ya zilizobaki zilitoka kwa watu waliorudi kumwekea tiki, siku kwa siku. Hakuna jioni moja, wala marafiki wawili, wanaoweza kumfikisha mtu pale.

Kwa nini wajisumbue na sheria zote hizi? Jibu liko katika kile ambacho pointi zinanunua, nacho ni kazi. Jeff Atwood na Joel Spolsky walipoanzisha Stack Overflow walikuwa na nyumba ambayo mgeni yeyote angeweza kuingia, na hawakuwa na watu wa kuajiri kuifagia. Wakaamua kwamba kila anayeonyesha kwamba anaielewa nyumba apewe ufunguo mmoja zaidi. Kwa utaratibu uliodumu miaka mingi, ukifika 15 unapata ufunguo wa kupigia wengine kura ya kupandisha. 50, unaruhusiwa kuacha maoni chini ya andiko la mtu yeyote. 125, unaweza kushusha. 2,000, marekebisho yako yanapita bila kusubiri ukaguzi. 3,000, unashiriki kura ya kufunga na kufungua maswali. 10,000, unaona hata yaliyofutwa. Wasimamizi wenyewe huchaguliwa kwa kura, lakini ni wachache, na sehemu kubwa ya kufagia hufanywa na watu wa funguo hizi. Vizingiti hubadilishwa mara moja moja, na ukurasa wa msaada wa tovuti ndio wenye neno la mwisho.

Ukiziona pointi kama funguo, hasira ya asubuhi ile itapungua. Mtu aliyefika 3,000 kwa kuchangiwa na marafiki angekaa kwenye kiti cha kuamua swali lipi lifungwe, naye hajawahi kupitia yale yanayomfundisha mtu kuamua. Wewe mwenyewe usingependa swali lako lihukumiwe naye.

Ipo pia tovuti iliyochukua njia nyingine, nayo ni funzo. Yahoo! Answers, iliyofunguliwa 2005, ilikuwa ikimpa mtu pointi 2 kwa kujibu tu, jibu liwe zuri au bovu, na kumkata 5 anayeuliza. Matokeo yake watu walijaza kurasa kwa "sijui" na "jaribu Google", maana neno moja na ukurasa mzima vililipwa sawa. Ilifungwa Mei 2021. Sisemi ilifungwa kwa sababu ya pointi peke yake. Nasema tu kwamba ukimlipa mtu kwa kufungua mdomo, atafungua mdomo. Stack Overflow hailipi kujibu. Inalipa pale ambapo mtu mwingine, asiye na sababu ya kukupenda, amesema umemfaa.

Tuje kwenye jibu lako refu, maana hapa una haki ya kuumia na pia una cha kujifunza.

Kwanza, tazama tarehe. Yule wa mistari miwili alijibu lini? Kura 40 mara nyingi ni mavuno ya miaka. Maswali ya msingi yaliyoulizwa miaka ya mwanzo hupitiwa kila siku na watu wanaotoka Google, kila mmoja akiacha kura yake. Kuna swali la 2012 lililouliza kwa nini kompyuta huchakata safu ya namba iliyopangwa haraka kuliko isiyopangwa: jibu lake kuu lina kura zaidi ya 30,000. Ni jibu zuri mno, linaeleza jinsi prosesa inavyokisia njia itakayofuata, lakini pia lilipandwa mapema, kwenye njia yenye wapita njia wengi. Pointi hupima mambo matatu yaliyochanganyika: ubora wa jibu, ukubwa wa umati wenye shida hiyo, na muda ambao jibu limekaa. Asiyejua hivyo atadhani mwenye 40 anajua mara arobaini zaidi ya mwenye 1. Mtu anayejibu swali gumu la mfumo adimu anaweza kupata kura mbili mwaka mzima, na kura hizo mbili zikawa zimeokoa kazi za watu wawili. Hili ni doa la kweli la mfumo huu, na sitaki kukuficha.

Pili, urefu. Anayefika pale ana programu iliyokwama mbele yake. Anataka mstari wa kubadilisha, kisha sababu, kisha tahadhari. Wewe, kama walivyotufundisha shuleni, huenda ulianza na utangulizi na maelezo ya maana ya maneno, ukafika kwenye dawa aya ya tano. Geuza. Dawa juu, maelezo chini, na msimbo (code) wenyewe uwe mfupi wa kunakiliwa na kuendeshwa papo hapo. Jibu linaweza kurekebishwa hata leo. Kura zitakazokuja baadaye zitahesabiwa kama za siku ya kwanza.

Tatu, na hili ndilo ninalolipenda zaidi, jibu maswali ya mambo unayoyaishi. Majibu yangu ya mwanzo yalikuwa kama yako: nilikimbilia maswali ambayo vijana elfu wa Bangalore na Chicago walikuwa wameshayakimbilia, tena wao hawahesabu mega. Hadi ninamaliza kuandika, wamejibu watatu, na umeme umekatika. Kisha nikakuta mtu anayelalamika kwamba mfumo wake wa mauzo unaonyesha saa moja nyuma katika duka moja la Kongo na sawa katika duka lingine. Hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa nimeshapambana na shida hiyo hiyo kwa mfanyabiashara wa hapa: nchi yetu ina majira mawili ya saa, Kinshasa iko saa moja nyuma yetu, na wanaotengeneza programu huandika Africa/Kinshasa kwa nchi nzima. Katika orodha ya majira inayotumiwa na kompyuta zote duniani limo jina Africa/Lubumbashi. Nikaandika mistari minne. Tiki ilikuja siku ile ile, kura zikaja kidogo kidogo kutoka kwa watu nisiowajua. Fikiria yaliyo mikononi mwako: malipo ya simu ambayo ujumbe wake hupotea mtandao ukiyumba, bei za franka na dola katika risiti moja, programu inayopaswa kuendelea kufanya kazi umeme ukizimika. Kijana wa Katuba anayajua haya kuliko wengi. Na unaweza kuandika jibu lako bila intaneti, ukalisoma mara mbili, ukaunganisha simu dakika moja tu ya kulituma.

Swali lako lililofungwa sasa. Nadhani lilisema é inageuka kuwa Ã©. Hiyo ni faili iliyohifadhiwa kwa UTF-8 na kufunguliwa kana kwamba ni Latin-1, yaani njia mbili tofauti ambazo kompyuta huhifadhi herufi, na imeulizwa tangu tovuti ilipoanza, kwa kila lugha ya programu. Kama lilifungwa kwa sababu ni marudio, soma kiungo kilichowekwa juu yake, jibu lako limo humo. Kufungwa kwa marudio hakukati pointi, na swali lako hubaki kama kibao cha njiani: mwingine atakayetafuta kwa maneno yako ataelekezwa palepale. Ila kama uliliandika kwa Kifaransa, lilifungwa kwa lugha. Stack Overflow kuu ni ya Kiingereza. Ina ndugu zake wa Kihispania, Kireno, Kirusi na Kijapani, lakini Kifaransa haina, na Kiswahili haina. Linanisikitisha, kwa sababu wapo watu wengi hapa wenye akili nzuri ya programu wanaoshindwa mlangoni kwa ajili ya lugha tu. Kiingereza cha kuungaunga hakikatazwi, mradi msimbo uwepo na ujumbe wa kosa unakiliwe kama maandishi, si picha. Jihadhari tu usirundike maswali yanayoshushwa, kwa kuwa yakizidi mfumo unakuzuia kuuliza, na kujitoa huko ni kazi ndefu.

Nami naungana nawe kwenye lawama moja. Mtu anayeshusha swali la mgeni na kuondoka kimya hamfundishi kitu. Najua hoja yao, kwamba maswali ni maelfu na wajibuji wamechoka. Hata hivyo mstari mmoja wa maoni, "weka msimbo wako", ungemwokoa kijana ambaye vinginevyo hatarudi tena. Ukipata ufunguo wa kushusha, naomba uutumie na mstari huo.

Kuhusu mwajiri wa Lubumbashi nitakujibu kifupi. Jumla ya pointi wengi hawatajua hata maana yake. Majibu yenyewe yana uzito. Kwenye barua ya kuomba kazi usiandike "nina pointi 2,400". Weka viungo vya majibu matatu yanayohusu kazi yenyewe, na karibu na kila kimoja sentensi moja ya shida iliyokuwepo. Anayeajiri ataona jinsi unavyofikiri na jinsi unavyomjibu mtu anayekupinga, na mambo hayo diploma haiyaonyeshi. Na usije ukadanganyika kubandika majibu ya ChatGPT ili kuharakisha: yamepigwa marufuku pale tangu Desemba 2022, kwa sababu yalifurika yakionekana sahihi kumbe mengi ni makosa, na siku ya mahojiano utaulizwa jibu lako mwenyewe usiweze kulieleza.

Kwa leo, fanya hivi. Una 11, na kizingiti cha kwanza cha maana ni 15. Waache wenzako wapumzike. Tafuta maswali mawili ya wageni ambayo msimbo wake umemwagwa bila mpangilio, au ambayo lebo zake (maneno ya mada yanayobandikwa chini ya swali) si sahihi, uyanyooshe vizuri, ueleze umebadilisha nini, utume. Yakikubaliwa yote mawili utakuwa na 15 kamili. Kura yako ya kwanza mpigie yule aliyeeleza habari ya é na Ã©, kama maelezo yake yameitengeneza faili yako.